Shangazi Aliyesema Njoo

Zamani, kabla simu hazijahamia mifukoni, simu zote za mji zilipita katika chumba kimoja, na katika chumba hicho alikaa Shangazi. Alikuwa opereta. Kazi yake ilikuwa kupokea sauti ya mtu, kumuuliza anamtaka nani, kuchomeka waya kwenye tundu la huyo anayetakiwa, kisha kuwaachia wenyewe maongezi yao. Sehemu hiyo ya mwisho ilikuwa kwenye kanuni za kazi na si mahali pengine popote. Kiti kilikuwa kigumu, zamu ilikuwa ndefu, na hedifoni ilikuwa tayari masikioni. Kumwambia opereta asisikilize ni sawa na kumwambia mpishi asinuse.

Kwa hiyo alisikiliza. Alijua ndoa zilizokufa kabla wenyewe hawajapata habari. Alijua daktari gani humpigia daktari mwenzake kumuuliza huu ugonjwa unaitwaje, huku mgonjwa amekaa palepale akisubiri. Na miaka yote hiyo hakumwambia mtu neno. Maopereta walikuwa na msemo wao, waliorithishana pamoja na mto wa kukalia: kusikia si kushika. Ukishasikia, unaachia. Mtu akianza kulia kwenye laini, unavua hedifoni mpaka amalize. Hilo halikuwa kwenye kanuni. Lilikuwa adabu tu.

Hatimaye mashine ikaja ikachukua kazi ya chumba kizima, na Shangazi akaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani. Mkubwa wake aliwasifu maopereta kwa uaminifu wao usio na mfano. Shangazi alimpigia makofi kwa heshima zote, ingawa asubuhi ile ile alikuwa amemsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba afadhali wanaondoka, maana ni wambea.

Alistaafu na maumivu ya shingo na imani moja isiyotikisika: usiseme kwenye simu jambo ambalo usingelisema mlangoni, majirani wakiwa wameanika nguo. Alipolazimika kumiliki simu yake mwenyewe alinunua ile ndogo ya vitufe, akaiweka kwenye droo, imezimwa. Akiwa na shida anaiwasha, anapiga, anasema "Njoo," anaizima. Salamu hakutoa, kwa sababu salamu ni za uso kwa uso. Sababu hakutaja, kwa sababu sababu utaikuta ukifika. Kumpigia tena kumuuliza kulikoni ulikuwa huwezi, maana simu ilikuwa imesharudi drooni. Watoto wa kaka zake walikuwa wameshazoea. "Njoo" ingeweza kuwa balbu imeungua au mtu amefariki, na wao walikuja wamejiandaa kwa yote mawili.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mwisho wa dunia, kama si Mhitimu kupata kazi.

Mhitimu alikuwa binti wa kaka yake Shangazi, aliyekuja kukaa kwake tangu enzi za shule na hakuondoka. Jina hilo alipewa na ukoo siku aliyovaa joho. Mwanzoni lilikuwa sifa. Kadiri muda ulivyokwenda bila ajira likawa pole, na mwishoni likawa kama jina la ugonjwa. Sasa uwanja wa ndege ulikuwa umemkubali: angekaa mbele ya skrini, masanduku ya abiria yapite kwenye mashine, naye aangalie yaliyomo ndani. Sare ilikuwa imeshapimwa. Kilichobaki ni kibali cha usalama, na kibali kilitolewa na Ofisi ya Utulivu.

Ofisi hiyo ilikuwa ghorofani, mwisho wa korido. Mlangoni kulikuwa na kabati la visanduku ambamo wafanyakazi waliacha simu zao, zimezimwa, kabla ya kuingia kusikiliza za wengine. Ndani, pazia lilikuwa limebanwa kwa vibanio vya nguo lisije likafunguka, na feni ilikuwa imeelekezwa kwenye kompyuta, mgeni ajipepee mwenyewe. Afisa aliyempokea Mhitimu alikuwa kijana mpole, amevaa kitambulisho shingoni. Alikuwa amekigeuza, jina lielekee kifuani. Hakupenda watu wamjue jina, alieleza. Ni mambo ya faragha.

Alimwambia Mhitimu kwamba yeye mwenyewe hana tatizo lolote. Ofisi inamfahamu vizuri sana. Inajua amewahi kugombana na rafiki yake kwa ajili ya viatu, na inampa pole kwa yule kijana aliyeacha kujibu meseji zake. Tatizo ni mtu anayeishi naye.

"Shangazi yako hana nyayo," Afisa alisema.

"Magoti yanamsumbua. Hatoki sana."

Afisa alieleza kwa subira. Nyayo za mtandaoni. Mtu wa kawaida huacha alama kila apitapo: anabishana na asiowajua, anatuma picha ya sahani yake, anatafuta dawa ya mba. "Dada, mtu anayetafuta dawa ya mba hana nafasi ya kulipua kitu. Huyo tunamwacha. Sisi wasiwasi wetu ni kwa yule ambaye hatafuti chochote."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na ofisi hii ilikuwa imeagiza mitambo kutoka ng'ambo ili iseme hivyohivyo kwa umeme. Afisa aligeuza skrini kidogo. Aliapa kwamba hawasomi maneno ya watu, Mungu apishe mbali; wanatazama mwenendo tu. Na mwenendo ulikuwa huu: alasiri moja, simu ambayo kwa kawaida imekufa ilifufuka. Ilipiga kwa wanaume wanne, kila simu fupi kuliko chafya. Kila mmoja aliambiwa "Njoo." Simu ikafa tena. Jioni hiyo wanaume wanne wenye nguvu zao, kutoka pande nne za mji, walikuwa ndani ya nyumba moja.

"Si umesema hamsomi maneno?" Mhitimu aliuliza.

"Hatusomi. Lakini neno moja halijafika kuwa maneno."

Mhitimu alimweleza ukweli, ambao ulikuwa mdogo kuliko faili. Ukuta wa sebule ulikuwa umeingia unyevu, fundi akataka kuupiga plasta upya, na kabati la Shangazi lilikuwa limeuegemea. Ni kabati la mbao ngumu, zito kama deni la ukoo. Waliitwa vijana wanne kulisogeza.

Afisa aliwaza. "Sasa kwa nini hakusema kabati? Mtu mwenye nia njema angesema kabati."

Ushauri wake ulikuwa mwepesi. Shangazi aishi kama wenzake. Aongee, atume, apende, acheke, ofisi imzoee. Wakishamzoea, kibali kitatoka.

Mhitimu alirudi nyumbani akapita ubavuubavu, kwa sababu kabati lilikuwa bado limeziba nusu ya mlango wa chumba chake, plasta ikiwa haijakauka vizuri. Alimweleza Shangazi kila kitu. Shangazi alisikiliza bila kumkatiza, kama alivyozoea kusikiliza watu, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo kazi unaitaka?"

"Naitaka."

"Ya kuangalia masanduku ya watu."

"Ndiyo, Shangazi. Ya kuangalia masanduku ya watu."

"Basi niletee hiyo simu."

Simu ililetwa na Dereva, mkubwa wa wale vijana wanne, ambaye alikuwa na simu ya kupangusa ya ziada, iliyopasuka kioo. Alimwekea bando, akamwingiza kwenye grupu la ukoo, akamwonyesha namna ya kurekodi sauti. Alitegemea kumfundisha wiki nzima. Lakini mwanamke aliyewahi kuuendesha mji mzima kwa nyaya na mikono miwili hakushindwa na kijisahani kinachong'aa. Kabla chai haijapoa alikuwa amewatumia wote wa grupu picha ya goti lake.

Alifuata maelekezo ya serikali kwa utiifu ambao serikali haijauzoea. Alitafuta dawa ya mba, ingawa kichwa chake kilikuwa safi. Alibishana na mtu asiyemjua kuhusu namna ya kuloweka maharage, akamshinda. Alituma sahani yake kabla ya kula na baada ya kula. Grupu la ukoo, lililokuwa limelala tangu msiba wa mwisho, likaanza kulia mfululizo kama mtoto anayeota meno.

Jambo moja tu hakuweza kuliacha. Chumbani mwao enzi zile, upande wa pili wa kila simu kulikuwa na mtu mwenye shingo inayouma. Mhitimu alimwambia siku hizi ni mashine. Shangazi alikubali kwamba mashine zipo, "lakini mwanangu, hata mashine ina mtu anayekaa karibu nayo akipiga miayo." Na kukaa na mtu bila kumsalimu hakulelewa hivyo. Kwa hiyo kila ujumbe wake, hata wa maharage, ulimalizikia kwa huyo mtu. Wewe unayesoma, habari za kazi. Wewe unayesoma, umekula. Siku moja aliandika: wewe unayesoma, kama kiti chao ni kile cha zamani, waombe mto, usione haya, mgongo haurudi dukani.

Vijana wa ukoo hawakuwa na utulivu kama huo. Mhitimu, kwa kuwatendea haki, alikuwa amewaambia kwamba wamo kwenye faili, na tangu siku hiyo walianza kuandika kwenye grupu kama watu wanaosoma taarifa ya habari. Dereva alitangaza kwamba yuko nyumbani na familia, akifurahia amani iliyopo. Mdogo wake, Mwalimu, aliandika kwamba anapinga vurugu za aina zote, na hiyo ilikuwa asubuhi na mapema, mtu hajamuuliza. Kutembelea nyumba ya Shangazi wakaacha. Walimpenda, walisema, ila kwa sasa wampendee kwao.

Ofisi ya Utulivu ikaita tena, safari hii na Shangazi mwenyewe. Alipanda ngazi akiyatukana magoti yake, akaketi. Afisa alimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo feni inapepea nini?"

Afisa aliigeuza. Kisha akaeleza kwamba tatizo la kwanza limekwisha, na limezaa la pili. Shangazi ana nyayo sasa, tena nyingi mno. Mtu aliyekuwa kimya akaanza ghafla kusema mchana kutwa, mitambo humwita amegeuka. Na baya zaidi, anamsalimu msomaji. "Mtu asiye na hatia hajui kama anasomwa," Afisa alisema.

"Lakini ni wewe uliyetuambia," Mhitimu alisema.

"Nilikwambia wewe, dada. Sikukutuma ukamwambie."

Shangazi hakujali hayo. Aliuliza tu kama yule mtoto anayemsoma amepata mto.

Afisa aliangalia pazia, akaangalia vibanio vyake. "Amebadilishiwa kiti," alisema kwa sauti ya chini, kisha akasogeza kiti chake mwenyewe karibu na kuanza kile walichoitiwa.

Mama ana masikio, alisema. Historia yake wameiona. Mtaa wake una watu wakimya wengi: mpangaji wa nyumba ya kona, yule fundi viatu asiye na simu kabisa, wale akinamama wanaokutana jioni bila kupigiana simu. Mitambo haiwafikii. Kama mama angekubali kuwa anapitapita, anasikia, anamdokeza yeye mara mojamoja, hata kitu kidogo tu, basi kibali cha binti kingepata njia yake. Akamwandikia namba kwenye kipande cha karatasi. "Neno lolote, muda wowote. Nitakuja mwenyewe."

"Nilisikiliza mji huu mzima," Shangazi alimwambia, "na mkubwa wangu wa kazi akiwemo. Sikumpeleka mtu popote. Leo nianze na jirani anayeniazima jiko?"

Afisa alisema afikirie. Karatasi aliikunja akamwekea mkononi kwa mikono miwili, kwa adabu.

Njiani Mhitimu alitangulia hatua mbili mbele. Sare yake ilikuwa imetundikwa nyumbani, imepigwa pasi, na kila asubuhi alikuwa akiipita ubavuubavu. Hatimaye alisema, akitazama viatu vyake, kwamba si lazima kiwe kitu cha kweli. Angeweza kumtungia kitu. Kidogo tu, kuhusu mtu yeyote.

Shangazi alisimama katikati ya njia, watu wakimpita kushoto na kulia. Hakumkaripia. Aliona kwamba ofisi ile, ambayo haijawahi kukamata gaidi hata mmoja katika mtaa wao, ilikuwa imeshafanya kazi yake kwa mtoto huyu.

"Uongo nao hupelekwa kwenye mlango wa mtu wa kweli, mwanangu," alisema, akaendelea kutembea.

Nyumbani plasta ilikuwa imekauka. Shangazi aliugonga ukuta kwa kidole, akaliangalia kabati, akamwangalia Mhitimu akijipenyeza kwenda kulala mchana na huzuni zake. Alitoa simu ya vitufe drooni. Alimpigia Dereva. Dereva, kabla hajaambiwa kitu, alisema kwa sauti kubwa ya mtu anayeongea na watu watatu kwamba hawezi kuja popote bila maelezo kamili, tafadhali Shangazi aandike kwanza kwenye grupu, ataje kabati, ataje na ukuta. Mwalimu hakupokea. Wale wengine wawili walikuwa wamebadilisha namba, kwa usalama wao.

 Kisha alifungua kile kipande cha karatasi. Katika ulimwengu wote alikuwa amebaki mtu mmoja tu ambaye kazi yake ilikuwa kumsikiliza.

"Njoo," alimwambia, akazima simu.

Afisa alifika kabla ya chai kuchemka, na wenzake wawili wenye mabega. Mmoja alisimama dirishani, mwingine akatazama chini ya kochi. Afisa alimwinamia Shangazi, akanong'ona: ni nani?

Shangazi alinyoosha kidole. Wote watatu waligeukia kabati.

Walilizunguka polepole. Walitaka kujua ndani kuna nini, naye akawaambia wafungue, tena ni vizuri, maana lazima livuliwe mizigo kwanza. Wakatoa shuka. Wakatoa saa ya ukutani yenye maandishi ya shukrani. Wakatoa hedifoni ya zamani ambayo mwenye mabega mmoja aliikagua kwa kuivaa, akasikiliza, asisikie kitu. Kabati likabaki tupu na bado likawa zito. Shangazi akawaonyesha ukuta. Hapo ndipo watu wazima watatu walipotambua kwamba wameshavua makoti.

"Mama," Afisa alisema. "Kwa nini hukusema kabati?"

"Ungekuja?"

Afisa alishika pembe yake ya kabati. Walilibeba wakihema, huku Shangazi akiwaelekeza kwa kidole kimoja: huku, polepole, usiburuze, wewe mrefu inua. Mhitimu alitoka chumbani kwa kelele, akawakuta walinzi wa taifa wamekumbatia kabati la shangazi yake. Alirudi ndani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mlango wake ulifunguka wote.

Afisa alipoinama kuliweka chini, kitambulisho chake kilijigeuza, jina likatazama nje, limeandikwa kwa herufi kubwa. Shangazi alilisoma. Kisha akatazama pembeni mpaka Afisa alipokigeuza tena. Hajamwambia mtu hadi leo.

Walikunywa chai. Afisa alikaa muda mrefu kuliko alivyohitaji, amenyoosha mgongo ukutani kupima kama plasta imeshika. Wakati wa kuondoka aliomba, kama haitamsumbua mama, asimpigie tena. Ile kazi ya masikio hakuitaja. Kwenye faili, kama Mhitimu alivyokuja kusomewa siku ya kuchukua kibali chake, kuliongezwa sentensi moja: neno "njoo" limehakikiwa uwandani, ni kabati. Chini yake kulikuwa na pendekezo kwamba Shangazi aendelee kuangaliwa, kwa sababu watu kama hao ni nadra.

Dereva na ndugu zake walirudi, mmojammoja, wakimlaumu kwamba hakuwaita.

Mhitimu sasa anavaa sare na kukaa mbele ya skrini. Jioni moja, mwezi wake wa kwanza, alirudi akiwa na macho yanayong'aa, akatupa mkoba, akavuta kiti mezani hata kabla hajanawa.

"Shangazi, leo amepita mzee mmoja, mtu mzito, hata wewe unamsikia redioni. Sasa ndani ya sanduku lake, huwezi kuamini, nikaona..."

"Kilikuwa kitu cha kudhuru watu?"

"Wala. Yaani ni kichekesho tu, ngoja nikwambie..."

"Ulimpitisha?"

"Nilimpitisha."

"Basi ameshapita," Shangazi alisema, akamsogezea sahani.

Mhitimu alibaki na mdomo wazi na habari tamu ndani yake. Juu ya kabati simu ya kupangusa ilikuwa inawaka, tayari kupokea lolote. Aliitazama, akamtazama Shangazi, akafunga mdomo. Ilimchukua chakula kizima kuimeza.